Sura ya Tatu, Mwezi wa Nne

Nimeandika sentensi moja tangu asubuhi:
"Mboji huhifadhi maji."
Nikaifuta. Nikairudisha.
Nikabadili "huhifadhi" ikawa "hutunza",
kisha nikainuka kutazama kama chai imepoa.
Imepoa.

Nje, mto Emajõgi umemeza barafu yake ya mwisho
na Tartu nzima imemwagika barabarani
kama sisimizi walionusa sukari.
Watu wameketi kwenye ngazi za manispaa,
makoti mapajani, nyuso juu, macho wamefumba,
wanaota jua, hawasemi kitu.
Nami niko ghorofa ya tatu na mboji yangu.

Hedvig, ninayeishi naye chumba kimoja,
ameitoa baiskeli stoo.
Mnyororo umeshika kutu; anaugonga kwa kijiko.
Kijiko changu. Cha uji.
Nashuka kumkemea, simkemei,
tunautafutia mafuta, tunakosa,
tunapaka ya alizeti,
na dakika arobaini zimekwenda zao, hazikuaga.

Kertu, keti.
Kertu, keti, najiambia,
Profesa Saarniit hacheki hata akitekenywa,
anataka kurasa kumi Ijumaa.
Leo ni Jumatano,
au ni Alhamisi inayojifanya Jumatano.

Bibi alinitumia kwa basi kutoka Võru
chupa mbili za maji ya betula,
aliyoyakinga mwenyewe shinani, tone, tone, tone,
na kikaratasi: "Kunywa upesi, haya hayasubiri mtu."
Nikaziweka dirishani nisije nikasahau.
Nikasahau.
Juzi usiku yakachacha, kizibo kikaruka, paa!
Hedvig akaamka ameshika kiatu, akidhani mwizi.
Sura ya pili ikalowa chapachapa,
nikaianika juu ya kipasha joto kilichokwisha zimwa,
na sasa ndiyo sura pekee
inayonuka kile inachokisema.

Jirani wa chini ana tromboni na noti nne.
Noti ya tano anaikaribia tangu Februari,
anaikaribia, anaghairi.
Nimeanza kumwombea.

Halafu theluji: ilipoondoka ilirudisha ilivyokopa.
Funguo zisizo na mlango, kijiti cha aiskrimu,
tiketi ya tamasha ambalo sikwenda,
na glovu yangu nyekundu niliyoililia Desemba,
imelala kifudifudi chini ya kilima cha Toome,
imekumbata tope kama mali ya urithi.
Nimeifua. Iko moja.
Ile nyingine niliitupa Januari, kwa hasira,
nikisema glovu moja ya nini.

Ruuben wa sayansi ya misitu
akikwama maktabani husugua sikio la kushoto.
Hukwama sana. Sikio lile nalijua
kuliko ninavyoijua sura ya tatu,
jinsi linavyoiva taratibu kuanzia juu.
Jumatatu aliniuliza, "Kiti hiki kina mtu?"
Nikamjibu, "Mboji."
Sijui kwa nini. Ndilo neno lililokuwa karibu.
Akaketi vilevile.

Jua nalo limepoteza adabu:
saa mbili na nusu usiku bado lipo,
limekaa juu ya mapaa kama mgeni
aliyesimama mara tatu kuaga
na kila mara akakumbuka hadithi nyingine.
Nani atalala? Nani atasoma?
Wakati wa baridi nilikuwa mwanafunzi bora:
giza lilinishika shingo, likaniinamisha mezani,
nikadhani ile ni bidii.

Kengele ya baiskeli chini ya dirisha.
"Mpaka darajani tu," Hedvig anaita, "dakika kumi!"
Dakika kumi za Hedvig nazifahamu,
zina watoto na wajukuu.

Nasoma tena: "Mboji hutunza maji."
Naongeza, "kwa muda."
Maneno mawili zaidi. Si haba.
Nahifadhi faili, natafuta kiatu,
navaa glovu moja,
mkono mwingine nautia mfukoni
ambamo, tazama,
kumbe kalamu niliyoitafuta asubuhi nzima.