Ile ya Tarehe Kumi na Tisa

Bogumila huzitandaza bili mezani kama karata:
ya gesi, ya maji, ya ufagio wa ngazi,
na juu yake bili ya joto, jokari mwenyewe,
maana Januari hapa Gdynia haibembelezeki.
Dirisha limeganda kwa ndani.
Ukisema neno jikoni, linatoka na moshi.

Pensheni yangu,
jasho la miaka thelathini na moja ya kuendesha basi la nyaya,
iliingia juzi.
Juzi hiyohiyo ikaanza kuaga.
Hatujaibiwa. Tuna kadi ya benki tu,
na kadi ina marafiki.

Tarehe tatu, ile ya mpira.
Tarehe tano, ya tamthilia za Kituruki
ambazo shemeji yangu huja kuzililia kwetu
kwa sababu kwake zinalipiwa.
Tarehe tisa, ya katuni: tulimchukulia mjukuu,
na mjukuu sasa ananyoa ndevu.
Tarehe kumi na mbili, moja isiyo na mwenyewe;
ilianza bure, siku saba,
ya nane ikajikaribisha, ikavua viatu.
Haba na haba hujaza kibaba.
Hakuna aliyetuonya kwamba haba na haba hukikausha.

Nikavaa miwani, nikaanza kufyeka.
Una hakika? kitufe kikaniuliza.
Nina hakika.
Hata kwa nusu bei? Miezi mitatu?
kwa sauti ya mpangaji aliyeshikwa na kodi.
Nikabonyeza. Katuni, kwaheri.
Kwaheri, usiye na mwenyewe.
Waturuki walinipa shida, waliomba sababu,
nikaandika: shemeji.

Ikabaki ya tarehe kumi na tisa. Zloti arobaini na tisa.
Bogumila akaweka kiganja juu ya karatasi.
“Hiyo iache.”

Lakini huitazami, nikasema. Jioni unafuma, unasikiliza redio.
Mimi siitazami. Jagna ana yake.
Tunamlipia nani?

Hakujibu. Aliwasha runinga.
Nyuso nne zikatokea: mimi mbweha,
yeye ua, Jagna paka,
na pembeni bundi mdogo, jina chini yake: Cyprian.

Mwaka wa nne huu hapigi simu.
Tangu Pasaka ile, nilipomtupia neno mezani
na nikaona aibu kuinama kuliokota.
Rotterdam, wengine husema. Wengine, Bergen.

Akambonyeza bundi.
Endelea kutazama: filamu ya watu wanaozamia chini ya barafu,
na chini ya picha mstari mwembamba umekatika njiani.
“Jana alifika dakika ya arobaini na moja,” akasema.
“Akikatiza katikati, najua katoka zamu, kachoka.
Krismasi alirudia zile katuni zake za utotoni, mara tatu.
Sikulala.
Novemba, siku kumi na moja hakugusa kitu.”

Novemba alikuwa akienda kanisani kila asubuhi.
Nilidhani ni kwa ajili ya kinanda kipya.

Nikachukua kalamu.
Chumba kikubwa tukifunge hadi Machi, bomba la joto tulizime.
Nyama Jumapili, na Jumapili nyingine supu ya viazi.
Kisha ile ya tarehe tatu. Mpira.
Una hakika?
Nilikawia kidogo hapo, sitadanganya.

Usiku wa manane nikaamka, blanketi mabegani,
nikaenda kwenye baridi ya chumba kilichofungwa.
Bundi.
Dakika ya hamsini na nane.
Basi yuko macho, au alikuwa macho muda mfupi uliopita,
ana umeme, ana kiti, ana macho mazima.

Sikumgusa. Nilirudi kwenye uso wangu, mbweha,
nikaitafuta filamu ileile nikaianza mwanzo.
Wazamiaji bado wako juu, wanafunga kamba.
Mmoja anacheka, sijui kwa nini.
Nina dakika hamsini na nane za kumfikia.