Ukuta wa Nyawita

Lango ni fupi. Limejengwa fupi makusudi,
anasema Rading', kijana wa tiketi mwenye mabuti ya mvua:
aliyekuja kwa shari alilazimika kutanguliza kichwa,
na kilichotangulia ndicho kilichopokelewa.
Nainama. Mkoba unakwaruza jiwe.

Mimi sikuja kwa shari. Nimekuja na basi la alfajiri kutoka Mwanza,
nina maandazi mawili na chupa ya maji.
Mama nilimwomba tufuatane, akacheka hadi akakohoa:
"Nilipe nauli nikatazame mawe?
Mimi, Ng'walu? Mawe na mimi tumeshatazamana."

Miaka kumi na tisa aliponda kokoto pale Igogo,
kwenye ubavu wa kilima, pimbi wakimchungulia,
pete ya mpira wa tairi ikimshikia jiwe,
jicho moja kalifumba kwa ajili ya vibanzi.
Ndiko nilikojifunza kuhesabu: ndoo ya daftari, ndoo ya sare,
ndoo ya yule aliyechukua akasema nitalipa Jumamosi.

Ndani, nyasi zimefika magotini.
Rading' anataja karne kama anayekariri jedwali la kuzidisha:
waliojenga, waliohama, waliokuta kuta tupu wakaingiza ng'ombe.
Hapa zizi. Hapa tundu la mlinzi. Hapa alilala mwenye mji.
"Na hakuna saruji," anasema, akingoja nishangae.
"Hakuna hata tope."

Lakini kiganja changu kimeshatangulia.
Hapa alijenga mashoto: tazama mawe yanavyolalia upande.
Hapa mtu alikuwa na haraka,
mvua ilikuwa ziwani ikija, au watu.
Hapa wawili waligombana, kila mmoja akamaliza mstari wake
bila kumwangalia mwenzake,
na ufa upo hadi leo.

Na katikati ya makubwa, kila penye mwanya,
vipande vya ukubwa wa kidole gumba, vimesokomezwa.
Chomoa kimoja,
na jiwe lililobebwa na watu wanne litaanza kuwaza.

"Kokoto hizi nani alizivunja?"
Rading' anafunua daftari. Lina jina la mwenye mji,
la mwanawe, hata la fahali wake.
Anafunua tena, hadi ukurasa wa mwisho, mtupu.
Anaomba kalamu yangu.
Anaandika swali.

Kipande kimoja kimedondoka nyasini. Nakitia mfukoni;
anakohoa kwa adabu: hairuhusiwi, dada.
Basi nakitafutia tundu lake, si hili, si hili, hili,
nakigonga kwa kisigino cha kiatu mara mbili
kwa mdundo niliousikia tangu tumboni.
Kinakaa. Ukuta hausemi asante.
Kwenye mwanya wa jirani, ambao haujapata wake,
ziwa lote limeingia, dogo kama shilingi.

Jioni, simu inalia nikiwa kituo cha basi.
"Enhe, umeona nini huko kwa wakubwa?"
"Kokoto, mama."
Kimya. Namsikia akihamisha simu sikio hadi sikio.
"Safi?"
"Safi. Na bado zimeshika."
"Ndoo wanauza shilingi ngapi?"