Jino Moja Pungufu

Ufunguo ninao mimi, umefungwa kwa kamba ya kiatu.
Shaba ikipigwa na baridi ya Januari hunata kwenye ngozi,
kwa hiyo huupasha moto kwapani kabla ya kazi,
kama yai.

Leo kazi ilikuwa kufunga.

Usiku walipita tena,
watatu, labda wanne, taa zimezimwa,
pikipiki za theluji zikikoroma katikati ya kinamasi
pale ambapo kibao kinakataza kwa maneno, na kwa picha,
na kwa mstari mwekundu juu ya picha.
Kibao kimelala kifudifudi
kama mlevi aliyekosa mtu wa kumrudisha kwao.

Theluji ni karani asiyehongeka.
Imeandika yote: hapa waligeuza, hapa walikunywa,
hapa mmoja alianza kukojoa jina lake
wino ukamwishia kwenye herufi ya tatu.
Hapa misonobari michanga, kimo cha goti,
imekatwa vichwa, vyote upande mmoja.
Na hapa alikimbia karibu jike
(ndilo jina la mnyama wetu huyu, karibu,
pembe zake matawi yaliyosahau majani)
akizama hadi tumboni kila hatua,
akiyachoma mafuta aliyomwekea ndama wa Mei.

Kwa ajili ya karibu
tumeandika langoni: Hakuna njia.

Saa mbili asubuhi alifika Ghislaine Arsenault,
miaka sabini na sita, skii zake za mbao
zimepakwa nta ya mshumaa wa kanisani.
Kila Alhamisi hupanda hadi Ziwa Brochet
kuzungumza na Rosaire wake, ambaye majivu yake
tulimwaga pale, mimi nikishikilia kofia za watu.
Aliutazama mnyororo. Akanitazama mimi
kama mtu anayesoma bei.
"Tangu lini skii zangu zikapiga kelele?"

Nikamwambia ni amri. Amri imetoka mjini,
imepigwa muhuri, haikutaja kelele wala ukimya,
imesema tu: umma.
Samaki mmoja akioza, walisema, wote wameoza.
Waliosema hivyo hawakuwahi kusimama langoni
na kumweleza samaki mzima.

Saa nne basi la shule. Watoto thelathini,
viatu vya theluji vya kuazima, vingine kushoto viwili.
Basi liligeuza. Mmoja alinipungia mkono,
hakujua.

Basi nikashuka kinamasini kupima uharibifu, kama fomu inavyotaka,
nikapiga magoti kwenye alama ya mashine ya nyuma.
Mkanda wake umeng'ata theluji sawasawa,
jino, jino, jino, jino,
kisha pahali laini.
Jino, jino, jino. Kisha tena pahali laini.

Pengo hilo nalijua.
Novemba nilishika tochi ndani ya gereji
mtoto wa dada yangu, Yoan, akiwa chali chini ya mashine,
mafuta hadi viwikoni, akicheka:
"Ni jino moja tu, mjomba. Halina neno."
Nami nikasema, kweli, halina neno.

Fomu ina mstari: Wahusika.
Kalamu ilikuwa imeganda. Niliipulizia pumzi,
nikaandika *hawajulikani*,
mwandiko mzuri kuliko wote nilioandika mwaka huu.

Nilipopanda tena, Ghislaine hakuwa ameondoka.
Ameketi juu ya jiwe, anakula chungwa,
maganda anayatia mfukoni, moja moja.
Hakuniuliza nimeona nini.
Alimfundisha Yoan kuhesabu, darasa la kwanza.

Jioni nitapita kwa dada.
Nitakung'uta buti ngazini, nitabisha,
naye atafungua na kusema neno lile lile la siku zote,
karibu,
nami sijui, kwa kweli sijui,
nitakavyolipita.