Robo ya Ngazi

Skrini hii niliinunua Birere, mtumba,
kwa mtu aliyeapa ilitoka ofisi iliyofungwa.
Vitufe vyake vya nyuma vimekufa, kimebaki cha kuwashia,
na spika zake mbili, chini ya kidevu,
zilijua mambo mawili tu: kunyamaza na kufoka.

Nyumba yetu ni ya mbao, juu ya mawe meusi.
Kati yangu na Mama Asifiwe kuna ubao mmoja,
unene wa kidole. Akigeuka kitandani najua.

Saa nne usiku umeme ukarudi,
nikafungua faili la sauti ya baba.
Nikabonyeza: kimya.
Nikabonyeza tena: pumzi, labda.
Mara ya tatu baba akaingia chumbani na viatu,
KAVIRA!
na upande wa pili mtoto akaanza kulia.

"Pole, jirani."
"Huyo si marehemu mzee Katembo?"
"Ndiye."
"Basi mwambie apunguze."

Baba alikuwa fundi wa redio. Ngazi hakuzijua.
Alikuwa na kifundo cha plastiki,
akikizungusha kwa vidole viwili
kama mtu anayetia chumvi kwenye maharage ya wageni,
na sauti ikipanda kama maji mtungini.
"Ukisikia spika kabla ya mtu," alisema,
"umeshazidisha."

Kwangu mimi ngazi ni kumi na sita,
na ninayoitaka iko kati ya ya pili na ya tatu,
pasipo na mahali pa kukanyaga.

Jumapili Muhindo, mtoto wa dada, alikuja kula sombe.
Akapakia kiprogramu kidogo
ili kibodi izungumze na skrini
kwa waya uleule unaopitisha picha.
Kisha akanishika mkono wa kushoto:
"Mama mdogo, vidole viwili hapa, usiviachie.
Sasa bonyeza kwa wa kulia."
Mstari mweupe ukasogea
kama konokono mwenye mashaka.
Robo ya ngazi.
Robo nyingine.

Usiku huu natumia mikono miwili.
Mbili na robo: mvua ya mabati inamfunika.
Mbili na nusu: anasogeza kiti.
Mbili na robo tatu,
hapo.
Anameza mate kabla ya jina langu.
Miaka yote ile sikujua
kwamba alimeza mate kwanza.

Mvua ikizidi, naongeza robo.
Ikipungua, namrudisha.
Hasemi makubwa: deni la betri,
kufuli la kibanda, ufunguo alioachiwa fulani.
Upande wa pili hakuna anayegeuka.

Halafu umeme unakatika.
Giza, na vidole vyangu viwili bado vimebana.

"Kavira," ubao unanong'ona,
"mbona umemzima?
Hajasema ufunguo uko kwa nani."