Sambaza

Wakala wa bima amepanda ngazi hadi kwetu Nyawera,
viatu vimejaa tope, mkobani ana fomu mbili.
Anaitwa Zihalirwa. Anakaa juu ya rimu ya karatasi
maana kiti kimoja ni changu, na cha pili kina mashine.

“Gazeti bila bima,” anasema, “ni pikipiki bila breki
kwenye mteremko wa Kadutu.
Ukimchafulia mtu jina, naye akaenda mahakamani,
wakili tunalipa sisi, fidia tunalipa sisi.
Wewe dola thelathini kwa mwezi, basi.”

Naipenda hesabu hiyo. Natia sahihi karibu kila mahali.
Halafu ukurasa wa tatu:
Je, umewahi kudaiwa kwa kashfa? Taja.

Umeme unakatika.

Gizani namwona Cirhuza Mugisho, mwoka mikate wa Cimpunda,
si Cirhuza Mugisho yule wa duka la dawa
aliyeuza vidonge vilivyopita muda.
Watu wawili, herufi zile zile,
na mimi nilikuwa na haraka, na picha ilikuwa moja.

Hakuja na wakili.
Alikuja na gazeti lililokunjwa mara nne,
kofia mkononi, ina unga bado.
Akauliza: “Yamebaki mangapi? Nayanunua yote.”
Yalibaki kumi na saba. Akahesabu faranga,
noti zilizolegea, zinanukia hamira,
nami (niandike na hili?) nikazipokea.

Mengine yalikuwa yameshashuka sokoni.
Kule akina mama hufungia sambaza wa kukaanga,
samaki wadogo wa ziwa letu.
Lugha nayo ina mzaha wake:
ndani ya sambaza jina lake likasambaa,
wino ukahamia kwenye mafuta, mafuta kwenye vidole,
vidole kwenye midomo ya watoto.

Masahihisho nilitoa. Mistari minne,
chini ya tangazo la mabati.

“Hakukushtaki?” Zihalirwa anawasha simu, ananimulikia.
“Basi hilo si dai. Andika hakuna.
Ada yako itashuka.”

Mvua imeanza. Kalamu ni yake, ina nembo ya kampuni.
Naandika Cirhuza Mugisho,
kisha, kwa herufi kubwa, MWOKA MIKATE,
nafasi inaisha, naingia pembeni,
nageuza karatasi.