Kimo cha Mshumaa

Kuku wetu watatu waliingia shimoni kulala,
asubuhi tukawakuta wamelala vilevile,
bila jeraha, bila unyoya kung'oka,
jicho moja la koo limebaki wazi kama kifungo cha shati.
Ni Bulengo, kiangazi. Nilikuwa na miaka tisa.
Jirani mmoja alisema ni sumu. Wa pili akataja jina,
jina la mama Kabuo muuza makala,
na jina likishatajwa mtaani kwetu halirudi.

Baba, mjenzi wa kuta za mawe meusi,
alisema neno moja tu: mazuku.
Akafukia shimo nusu, mawe yakaisha,
akaenda kazini.

Jumatatu madamu Kasoki alikuja darasani
na ndimu tano, na magadi,
yale yale ya kulainishia maharage,
kayafunga kwenye karatasi ya daftari.
Akakamua. Bilauri ikachemka bila moto,
povu likapanda, likasita, likashuka.
"Juu ya maji haya kuna nini?"
"Hakuna kitu!"
Akaiinamisha bilauri juu ya mshumaa
polepole, kama anayemmiminia mgeni chai,
tone la maji lisidondoke,
na mshumaa ukazimika.
Musubao, aliyekaa mbele, aliapa
kwamba hakupuliza.

Ni hewa, alisema madamu, ila ni hewa nzito.
Ndiyo inayokuwasha pua ukinywa Fanta kwa pupa.
Ndiyo unayoitoa wewe, Musubao, kila unapoapa.
Ikiwa kidogo, haina neno.
Ikiwa nyingi, inapanda kwenye nyufa za lava ya zamani,
na kwa uzito wake hairuki, inatambaa,
inatafuta bonde kama maji yanavyotafuta,
inajaza shimo hadi ukingoni:
ziwa lisilo rangi, lisilo harufu, lisilo wimbi.
Usiku upepo ukilala, nayo inatulia.
Jua likipanda, upepo ukaja kutoka Kivu,
inatawanyika,
shimo linakuwa shimo tu,
watoto wanashuka kucheza gololi.

Nilimweleza baba. Hakucheka.
Kesho yake, kabla ya jua, alisimika fito shimoni,
kitako chini kabisa, sisi tukiwa juu ukingoni,
akateremsha mshumaa kwa waya ubavuni mwake.
Mwali ulisinzia. Ukaachana na utambi kidogo,
ukaelea peke yake, ukaisha.
Akauvuta, akawasha, akateremsha.
Mahali palepale.
Mara ya tatu, palepale.
Akapachora kwa kisu.

Kisha akaitoa fito, akaisimamisha kando yake:
alama ilimfika kiunoni.
Akaisimamisha kando yangu.
Ilipita nyusi.

Hakwenda kazini siku ile.
Alibeba mawe mpaka adhuhuri, mgongo umelowa,
nilipotaka kumsaidia akanifukuza,
na shimo lilipojaa akalikanyagakanyaga
kama mtu anayefunga sanduku lililojaa nguo.

Kwa mama Kabuo hakuna aliyekwenda
kumwambia kwamba ilikuwa hewa.
Alihamia Sake mvua zilipoanza.
Hilo nalo lina uzito, ila sijui linapimwa na nini.

Leo ninatembea na kipimo mkononi,
cha plastiki, kina taa nyekundu, kinalia kama kifaranga.
Kwenye ripoti za wageni,
katikati ya Kifaransa na tarakimu,
nimelikuta neno la baba, herufi sita,
limeachwa kama lilivyo.
Wameshindwa kulitafsiri, au wameona haya.

Na nyumbani, nyuma ya mlango,
kila mwezi ninachora kimo cha binti yangu kwa chaki.
Mama mkwe anasema ni majivuno,
kwamba mtoto hapimwi kama kitambaa.
Ninanyamaza.
Ile fito ya baba ipo hapo hapo, pembeni mwa ufagio.
Bado vidole vinne.