Kipande Namba 417

Chuoni Tallinn walinifunza kuchora kwa penseli ngumu:
mstari mmoja, pumzi moja, marufuku kufuta.
Siku hizi sichori mstari. Naandika kanuni,
na kanuni inazaa mistari elfu sita
kabla chai yangu haijapoa.
Mama huwaambia majirani natengeneza kompyuta.

Mkono wa roboti tuliununua Turku, mtumba,
kutoka kiwanda ulikokuwa ukichomelea milango ya magari.
Aivar aliupaka rangi ya kijani, akaufunga msumeno,
na wiki nzima ukakata hewa tu,
kwa adabu, kama mwanagenzi
aliyekatazwa kugusa mbao.

Kisha likaja paa la maktaba ya Võru.
Vipande mia tisa na viwili vya msonobari,
hakuna viwili vilivyo pacha,
kila kimoja na namba yake, pembe zake, tundu zake.
Kwenye skrini vilikumbatiana
pasipo upenyo wa kupitisha unywele.
Nikalala usingizi wa pono.

Mvua ya Agosti haikusoma kanuni yangu.
Mbao zilikunywa maji ghalani siku tisa,
zikanenepa milimita mbili,
na kipande namba 417 kikagoma.
Tulikisukuma. Tulikibembeleza.
Aivar alikitukana kwa Kivõro,
lugha anayoiweka akiba kwa mambo mazito.

Dereva wa lori aliyezileta akauliza:
“Ulizipima lini?”
Machi, nikasema.
Akatazama mawingu, akawasha sigara,
hakuongeza neno.

Usiku huo niliongeza kigezo kimoja, unyevu,
baada ya miaka kumi na minne ya kazi,
tuzo mbili, talaka moja,
na mihadhara mingi kuhusu usahihi.
Tukakata upya vipande sitini na vitatu.
Mteja alilipia nusu.
Nusu nyingine ilikuwa gari langu.

Leo watoto wanasoma chini ya lile paa
na hakuna anayetazama juu,
ila mmoja, msichana mwenye meno ya kung’oka,
aliyekuwa akihesabu, akapotea, akaanza tena.

Kile kilichogoma nimekipigilia ukumbini kwangu,
kinabeba makoti na mwavuli.
Kila Januari, hewa ikikauka kwa majiko,
nakishusha, nakipima.
Milimita mbili zimerudi zilikotoka.
Sasa kingeingia.